Kumi na Moja ni Kumi na Moja

Bega langu la kushoto linauma tangu Julai ya mwaka 2024. Mke wangu amelichua kwa mafuta ya nazi, kwa mkaratusi na kwa kila kichupa kilichokuwamo kabatini, lakini wapi. Kila anaponichua hunisimanga, na mafuta na masimango hayaingii mwilini kwa pamoja.

Aliyenitia kilema hiki ni shanta. Si yangu, ni ya mwanangu wa pili, aliyeinunua mtumba pale soko la Kongowea, kwetu Mombasa, akaniapia kwamba Wazungu hupanda nayo milima. Ina mikanda 14. Hadi leo najua kazi ya mitatu.

Asili ya yote ni baraza. Jioni moja tukinywa kahawa, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akaanza kuwauliza watu wamefika wapi. Huyu Jeddah, huyu Muscat, yule Durban mara mbili. Zamu yangu ilipofika nikataja Malindi, Lamu, Tanga, na mwisho, kwa kishindo, Kampala.

"Yakhe, Kampala ulifuata nini?"

Nikasema maziko.

"Na Tanga?"

Maziko.

"Lamu je?"

Sikujibu. Baraza zima likaangua kicheko hadi muuza kahawa akaweka dele chini. Ndipo nilipotambua kwamba katika miaka yangu hamsini na ushei sijawahi kupanda basi la mbali pasipo mtu kufa kwanza.

Mwanangu akanionea huruma. "Baba, siku hizi watu husafiri na shanta tu. Hulala nyumba za bei nafuu, hula wanachokula wenyeji, hujifunza maisha ya watu. Nenda mahali ambapo hapana aliyekufa."

Nikachagua Ethiopia. Mkenya haombi viza kule, lami inafika, na ndiko asili ya kahawa. Nikaona mnywaji wa miaka mingi kama mimi ana haki ya kwenda kuzuru huko walau mara moja.

Kutoka Nairobi hadi Moyale ni karibu kilomita 800, kupitia Isiolo na Marsabit, na kutoka Moyale hadi Addis Ababa ni karibu 800 nyingine. Sizielezi, maana muda mwingi nilikuwa nimeipakata shanta kama mjukuu mgonjwa, sioni mbele. Ila mpakani Moyale pana jambo. Mji ni mmoja, nusu Kenya, nusu Ethiopia, lakini ukishavuka tu magari yanahama upande: kwetu hupita kushoto, kwao kulia. Mimi nikavuka barabara kwa adabu zote, nikatazama kulia kwanza kama nilivyofunzwa darasa la kwanza, na bajaji ikanijia kutoka kushoto. Dereva alinitukana kwa lugha nisiyoijua na nikaelewa kila neno.

Addis Ababa imekaa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimezaliwa usawa wa bahari, nikaoa usawa wa bahari, na mapafu yangu hayajapata kuombwa zaidi ya hapo. Kupanda ngazi za nyumba ya wageni hadi ghorofa ya pili nilipumzika mara tatu, shanta ikinivuta nyuma kama mdai. Tena Julai ni masika yao. Mvua, baridi, na mimi na vikoi vyangu viwili.

Mama mwenye nyumba nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha shule, kama kuna maji ya moto. Akavuta pumzi ghafla kwa mdomo: hih! Kama mtu aliyeona nyoka nyuma yangu. Nikageuka. Hapana nyoka. Nikamuuliza mara ya pili. Hih! Nikasema, maskini, mama wa watu ana pumu, nikamsogezea kiti. Akanitazama, akanitazama na kiti, asiketi. Kijana mmoja Mjerumani aliyekuwa akianika soksi zake kwenye kidirisha ndiye aliyeniokoa: hivyo ndivyo watu wa huku wanavyosema ndiyo. Maji ya moto yapo. Basi. Sisi ndiyo twaitoa nje, wao huivuta ndani. Na ni tabia inayoambukiza, maana kufikia siku ya tatu na mimi nilikuwa nikivuta pumzi kila nikikubali jambo, na nikaona nimekuwa mwenyeji kamili.

Halafu kuna "ishi". Nikimwambia mtu naomba maji, "ishi". Naomba funguo, "ishi". Nakwenda msikitini, "ishi, ishi". Siku mbili nzima nilijua ni dua. Nikasema hawa ni watu wa ajabu, hata mpiga viatu rangi anakuombea umri mrefu kabla hujamlipa, na mimi nami nikawa naitikia "amin", mkono kifuani. Kumbe maana yake ni sawa. Sawa tu! Watu wakiniambia sawa, mimi nawaitikia amin. Sijui walinionaje, ila vijana waliniita "gashe", ambayo ni heshima ya mtu mzima, kwa hiyo labda walinisamehe kwa ajili ya mvi.

Nilifika siku ya Jumatano, na kwenye mgahawa wa jirani nikataka nyama. Kwanza nilitaka kuuliza imechinjwa na nani, maana katika hili Waethiopia ni wakali kuliko sisi: kwa desturi yao Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na Mkristo, na Mkristo naye hali iliyochinjwa na Mwislamu. Sikufika huko. Kijana akanikata kwa neno moja: "Tsom."

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Tsom, saumu. Nikamwomba radhi kwa kutaja chakula mbele ya waliofunga. Nikageuza uso na nini nikaona! Mgahawa mzima unakula. Sinia kwa sinia. Nikamwonyesha kijana mzee mmoja aliyekuwa akimaliza sahani ya pili ya dengu. Na huyo? "Tsom," akasema kijana, tena kwa fahari. Mimi ninapofunga hata mate yangu nayaogopa, na huyu amefunga huku anaomba aongezwe mchuzi.

Baadaye nikaelezwa nikajitia adabu. Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na kabla ya Pasaka siku 55, na mfungo wao ni kuacha nyama, maziwa, mayai, siagi, kila kilichotoka kwa mnyama. Na wachaji wa kweli hawagusi kitu hadi mchana umeinama. Siku 55 bila ya maziwa kwenye chai. Mimi siku moja tu mke wangu aliposahau kununua maziwa nililala bila ya kumwamkia.

Nikaletewa sinia la kufungia, au la kufungulia, hata sijui niliiteje. Injera imetandikwa chini, na juu yake vilima: dengu nyekundu, dengu za manjano, mboga za majani, kabichi, na shiro, uji mzito wa unga wa dengu na viungo uliochemka hadi mezani. Injera nilidhani naijua. Si ni anjera ya Wasomali kule kwetu? Ile ya Mombasa ni binamu tu. Hii imechachuka kwa siku kadhaa, imetengenezwa kwa teff, nafaka ndogo kuliko ulezi, na chachu yake huingia kinywani ikakusalimu kwa jina. Tonge la tatu nikaanza kuizoea. La sita nikaanza kuipenda. Hapo ndipo jirani yangu wa meza, bwana mwenye masharubu nisiyemjua wala yeye hanijui, alipofunga tonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, akalinyanyua, na badala ya kulipeleka kwake akaja nalo kwangu.

Gursha. Ndiyo heshima yao, kumlisha mgeni kwa mkono, na tonge likiwa kubwa ndipo mapenzi yanapoonekana, na kukataa ni kosa. Mimi mara ya mwisho kulishwa tonge ilikuwa siku ya harusi yangu, na aliyenilisha siku ile hakuwa na masharubu. Nikafumba macho nikafungua mdomo. Pilipili yao, berbere, ikanipanda puani. Nikalia machozi, yule bwana akadhani nimeguswa moyo, akafunga la pili.

Kahawa sina la kuinung'unikia, na hilo lenyewe linaniudhi, kwa sababu nilikwenda nikijua sisi wa Pwani ndio wanywaji. Wao huiita buna. Sisi mbegu zake tunaziita buni. Nikawa kama mtu aliyekwenda ugenini akakuta jina la babu yake mlangoni. Mama mwenye nyumba alitandaza majani mabichi sakafuni, akatia ubani kwenye makaa, nami moyo ukanidunda, maana kwetu majani hayahusiki lakini ubani ukifukizwa hivyo aghalabu kuna anayetarajiwa. Hakuja pepo. Akaziosha buni mbele yetu, akazikaanga kwenye chuma hadi zikang'aa, akazungusha ule moshi kwa kila mmoja aunuse, akazitwanga, akazichemsha kwenye mtungi mdogo wa udongo wenye shingo ndefu uitwao jebena. Haya yote yanachukua muda. Kwa muda huo muuza kahawa wetu amekwisha kuzunguka mitaa mitatu. Na pamoja na kahawa, badala ya kashata, unapewa bisi. Bisi! Nilikula nikiwa na aibu kidogo, kama mtu mzima aliyekutwa na pipi.

Kikombe cha kwanza ni abol. Nikanywa, nikashukuru, nikainuka. Mama akanivuta kikoi. Cha pili ni tona. Nikanywa, nikainuka. Akanivuta tena. Cha tatu, ambacho kwa kweli ni maji yaliyopita karibu na kahawa, huitwa baraka, na asiyekingoja ameiacha baraka yenyewe pale. Nikaketi. Usiku ule sikulala hata dakika moja, macho yamenitoka, nikihesabu mabati kwa sauti ya mvua, baraka ikinizunguka mwilini.

Sasa nifike penye kidonda.

Nilitaka kwenda Harar, kilomita 500 na ushei mashariki ya Addis: mji wa ukuta, wenye misikiti 82 ndani yake na vichochoro ambavyo mwenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa angevipita bila ya kuuliza. Alhamisi nikaenda kukata tikiti. Binti wa dirishani alijua Kiingereza, na hapo ndipo maangamizi yalipoanzia. Akaandika 11 kwenye karatasi, akasema "ileveni", asubuhi, nisichelewe.

Mswahili yeyote aliyekwenda shule ana kinu kidogo kichwani. Ukikitilia saa ya Kiingereza, kinatoa sita, kinakupa saa ya watu. Ileveni, toa sita, saa tano. Sikufikiri hata kidogo, kinu kilisaga chenyewe. Saa tano asubuhi! Nikasema hawa ni watu wa busara, mtu anakunywa chai, anaoga, anafunga mikanda yake mitatu, anakwenda.

Usiku, kumbe bado giza, mlango ukagongwa. Ni mlinzi wa nyumba, mzee mmoja aliyejifunga shuka nyeupe. Mama alikuwa amemwambia mgeni anakwenda Harar. Akasimama mlangoni akaniambia, "Asir! Asir!" Nikatazama dirishani: hakuna hata mwanga. Nikamwambia kwa upole, mzee wangu, alasiri gani usiku huu? Hata alfajiri haijaadhiniwa. Akazidi. "Asir se'at!" Nikaona mzee amechanganyikiwa kwa baridi. Nikamshika bega nikamwelekeza kwenye kiti chake. Akanitazama kwa huzuni, akasema "ishi", akaenda zake. Mimi nikarudi kulala. Nililala vizuri, siku pekee niliyolala vizuri Addis.

Kituoni nilifika saa tano kasorobo, nimeoga, nimejipaka mafuta. Nikaonyesha tikiti. Binti akaangalia tikiti, akaangalia mimi, akaita mwenzake, naye akaangalia mimi. Basi langu lilikuwa limeondoka karibu saa sita zilizopita na limeshapita Awash. Nauli hairudi.

Kumbe Waethiopia huhesabu saa kama bibi yangu! Jua likitoka ni saa kumi na mbili, mtu akinywa chai ni saa moja, mbili. Hata majira ni yale yale, Addis na Mombasa hazipishani dakika. Nilikuwa nimefika kwenye nchi ya watu wanaoanza siku kunapokucha, si katikati ya usiku kama wezi, na badala ya kushukuru nikaenda na kinu changu. Kumi na moja ya binti ilikuwa kumi na moja hii hii ya mama yangu, kumi na moja ya alfajiri, mabasi ya mbali yakiondoka kabla ya mapambazuko kama ilivyo ada yao. Yeye akaivisha koti la Kiingereza, mimi nikaivua koti pamoja na ngozi. Angeninyooshea vidole tu ningefika kwa wakati. Na mzee wa watu mlangoni? Asir ni kumi. Saa kumi ya usiku, mgeni, amka. Alinijia na neno ambalo kwetu linafanana na wakati wa kuswali saa kumi, na saa yenyewe ilikuwa kumi, na bado nikamrudisha kwenye kiti.

Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa nilikwenda kuswali msikiti wa Anwar, pale Merkato, nikamshtakia Mungu, kisha nikarudi kwa yule mama kulipa usiku mwingine. Mlinzi alinifungulia lango bila ya kusema chochote. Mama akaniuzia pia vikombe viwili vya buna, nipoze moyo, akaniandikia risiti.

Risiti ilikuwa kwa herufi zao, ambazo kwa macho yangu ni viti vidogo vilivyopinduliwa, ila tarakimu zilikuwa zetu: 12/11/2016. Nikadhani amekosea. Hakukosea. Mwaka wao huanza Septemba, una miezi 13, 12 ya siku 30 na mmoja wa siku tano au sita, na uko nyuma ya wetu miaka saba au minane kutegemea uko mwezi gani. Ijumaa ile, kwetu Julai 19, 2024, kwao ilikuwa tarehe 12 ya mwezi wa 11 uitwao Hamle, mwaka 2016. Nikafurahi bure. Nimepoteza nauli lakini nimerudishiwa miaka minane! Mwaka 2016 bega hili lilikuwa zima. Nikaikunja risiti ile kama mtu anayekunja hati ya shamba.

Kesho yake mlinzi alipokuja na "asir" yake alinikuta nimekwisha keti langoni tangu saa nane, shanta mgongoni, mikanda yote 14 imefungwa popote ilipokubali. Harar nilifika. Ni kama nilivyoambiwa. Kuna watu hulisha fisi kwa mkono nje ya ukuta kila usiku, na mgeni huambiwa naye ashike kijiti cha nyama mdomoni fisi aje achukue. Nikasema mimi nimekwisha lishana vya kutosha katika nchi hii. Mwingereza Richard Burton aliingia mji huo Januari 1855, akakaa siku kumi akihofia shingo yake. Mimi nilikaa siku mbili, hakuna aliyenitaka shingo, na nilitoka na kinyongo kumshinda.

Nilirudi Mombasa na ushindi. Barazani nilizungumza siku tatu mfululizo, na mzee wa meli akawa hana pa kuingilia. Mambo yakaharibikia nyumbani. Mke wangu aliamua kuifua shanta, akaipekua, na katika mfuko ambao hata sikujua kama upo akatoa kikaratasi. Akavaa miwani.

"Nini hii?"

"Risiti ya nyumba ya wageni."

"Mbona imeandikwa tarehe 12, mwezi wa 11, 2016?"

Nikaanza kumweleza. Nikataja Hamle, nikataja miezi 13, nikataja miaka minane. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kuwa naongopa. Mwezi wa 13! Nani aliyepata kusikia?

"Mwaka 2016, mwezi wa 11," akasema polepole, "uliniambia unakwenda Lamu. Siku nne. Ukasema umefiwa na rafiki yako wa shule, ambaye mimi simjui."

"Ni kweli nilikwenda Lamu."

"Na hii 2 hapa chini? Mlikuwa wawili?"

"Ni vikombe."

"Vikombe."

Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya leso, akaivaa tena. "Nitakuuliza mara moja tu. Mwaka ule, ulikuwa Lamu, mazikoni?"

Nilikuwa Lamu, mazikoni. Wallahi nilikuwa. Na jibu nililompa lilikuwa ndiyo, tena ndiyo ya moyo wangu wote, ila nilikuwa nimetoka Ethiopia juzi tu, na kabla sijafungua kinywa kusema lolote nikavuta pumzi: hih!

Akaenda kabatini akavifungia vichupa vyote vya mafuta.